Juu ya Nini? Maswali ya Mwanafunzi wa Lubumbashi Katika Ziara za Masomo

Mtoto wa Lubumbashi akitaka kujua chanzo cha jambo hasemi «kwa nini» wala «kwa sababu gani». Husema «juu ya nini». Msikilizaji aliyezoea Kiswahili cha pwani anaweza kulidhania kuwa ni swali la mahali, kama mtu anayeuliza kitu kimewekwa juu ya meza au juu ya kabati. Lakini katika Kiswahili cha Katanga «juu ya» ndiyo njia ya kawaida ya kutaja sababu, na hata Kiswahili sanifu hakiko mbali sana na matumizi hayo, kwani husemwa kila siku kwamba jambo fulani «ni juu yako», yaani ni jukumu lako.

Swali hilo dogo halina bahati shuleni. Mtoto hulileta kutoka nyumbani akiwa na miaka sita, na afikapo darasa la tano mara nyingi amekwisha kujifunza kuliacha mlangoni. Kosa si la ukali wa walimu. Darasani jibu huandikwa kwa Kifaransa, na anayeuliza kwa Kiswahili huogopa kudhaniwa kuwa hajui lugha ya shule; basi hunyamaza akitafuta maneno, na anapoyapata somo limekwisha pita. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa, au lugha za mazingira ya mtoto, kuwa vyombo vya kufundishia na pia kuwa somo, na Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Hata hivyo katika shule nyingi za mjini Kifaransa hutangulia tangu mwaka wa kwanza, na wazazi wengi ndicho wanachokitaka. Tena pale Kiswahili kinapofundishwa, ni Kiswahili cha kitabu: watoto, vitu, maji. Mtoto aliyekuja na batoto, bintu na mayi husahihishwa mara mbili, kwanza kwa kuwa hakusema Kifaransa, halafu kwa kuwa hakusema Kiswahili kinachotakiwa.

Mahali ambapo swali hurudi kinywani ni nje ya darasa. Siku ya ziara ya masomo, safu ya mashati meupe na nguo za buluu inapoondoka uani wawili wawili, ubao umebaki nyuma na daftari limo mfukoni. Watoto huuliza kama wanavyouliza nyumbani. Yanayofuata hapa yanahusu ziara zinazowezekana kwa darasa la Lubumbashi bila gharama kubwa, na maswali ambayo kila kituo huyaamsha. Maana maswali hayo yana majibu, na majibu yake yanagusa maisha ya mtoto mwenyewe kuliko kurasa nyingi za kitabu.

Misalaba isiyo ya kanisa

Jumba la makumbusho la Lubumbashi lilianzishwa na Francis Cabu mwaka 1946, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville. Watoto hupita haraka mbele ya vyungu na vigae, lakini husimama mbele ya vipande vya shaba vyenye mikono minne. Kifaransa huviita croisettes, na Kiswahili kikafuata kwa kuviita misalaba. Jina hilo ndilo linalozaa swali la kwanza: «Juu ya nini bazee ya zamani balikuwa na misalaba mbele ya bapadri?»

Swali ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu limegusa tofauti kati ya umbo na jina. Neno msalaba limetujia kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya Kiswahili limeshikamana na dini ya Kikristo kiasi kwamba ni vigumu kulisikia bila kuona kanisa. Vipande vile vyenyewe havina uhusiano na kanisa. Mnamo 1957 na 1958 wataalamu, miongoni mwao Jean Hiernaux na Jacques Nenquin, walichimbua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliiendeleza kazi hiyo na kuipatia kalenda iliyo wazi zaidi. Misalaba inaanza kuonekana makaburini yapata karne ya 13 au ya 14, ilhali jahazi za Wareno zilifika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1482, mbali sana na Upemba. Zaidi ya hayo, shaba ya zamani haikumiminwa katika umbo hilo moja tu: kuna mikuo yenye umbo la herufi H, na hakuna aliyewahi kuitafutia kanisa.

Kinachofaa kuonyeshwa watoto baada ya hapo ni ukubwa. Misalaba ya mwanzo ni mikubwa na haifanani; kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, na vipimo vyake vikakaribiana. Wachimbuzi wameyaeleza mabadiliko hayo kuwa ni safari ya kitu cha heshima, kilichotolewa katika mambo mazito, kuelekea kitu cha kubadilishana kwa jumla. Mwalimu akisema kwamba ile midogo ilikuwa franga za wazee, darasa zima humwelewa mara moja. Asiishie hapo lakini, kwa maana ile mikubwa haikuwa pesa ya sokoni, na mtoto aliyekwisha kuona mahari ikijadiliwa nyumbani anaweza kabisa kufahamu kwamba kuna mali ambayo hainunuliwi unga.

Halafu huja swali ambalo kwa kawaida huulizwa na yule mtoto aliyekuwa kimya: shaba ilifikaje Kisale, ikiwa Kisale haina shaba? Shaba imo kusini, katika ukanda unaopita Kolwezi, Likasi na Lubumbashi na kuingia Zambia. Kati ya ukanda huo na ziwa kuna mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Basi msalaba uliolala kaburini ni ushahidi wa njia, wa wabebaji na wa masoko, karne nyingi kabla ya reli. Hapo historia na jiografia, ambazo ratiba ya shule huzitenga kwa kengele, huwa somo moja bila mtu kulazimisha.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo halifai kupitwa. Mafundi wa zamani wa kuyeyusha huitwa katika vitabu vya Kifaransa «walaji wa shaba». Mtawa Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne ndiye aliyelieneza jina hilo kwa maandishi yake ya mwaka 1926. Watoto hucheka na kuuliza: «Balikula mukuba namna gani?» Mwalimu anayetafuta jibu katika Kifaransa hupata shida. Anayetafuta katika Kiswahili analo tayari: mtu hula kiapo, hula urithi, hula faida, na kinywa hakikushiriki. Kula shaba ni kupata riziki na utajiri kwa shaba. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Watu walikusanya mawe ya kijani ya malakiti, wakachoma makaa ya miti migumu, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, na kupuliza moto kwa mivukuto ya ngozi. Kila kifaa katika orodha hiyo mtoto amekwisha kukiona au kusikia habari zake, hata kama hajawahi kuona vyote mahali pamoja.

Na neno lenyewe mukuba? Ndilo jina la shaba katika Kibemba na katika lugha nyingine za jirani, na watoto wengi wa Lubumbashi hulisikia kabla ya kulisikia neno shaba. Mkoa mzima uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, kwa neno la Kiswahili lililotoka pwani, wakati wenyeji walikuwa na lao. Mtoto akiyajua majina yote mawili hajachanganyikiwa. Ameshika historia ya mkoa wake kwa ncha mbili.

Mlima mweusi

Kituo cha pili hakihitaji kuonyeshwa kwa kidole, kwa sababu bomba la moshi na mlima mweusi ulio kando yake huonekana kutoka mitaa mingi ya mji. Tanuri za Lubumbashi ziliyeyusha shaba kwa mara ya kwanza mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya reli kufika kutoka kusini, ile ile iliyopandisha makaa ya mawe ya Wankie. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ndiyo iliyozimiliki hadi mali zake zilipotaifishwa mwaka 1967 na kuwa za shirika la taifa ambalo baadaye liliitwa Gécamines. Mahali hapo ni pa kiwanda, kwa hiyo darasa hutazama kwa mbali, inatosha.

Swali la hapa ni fupi: mlima huu umetoka wapi? Kitabu hujibu kwa neno scories, na watoto huliandika bila kulielewa. Kiswahili kina neno ambalo makamusi ya zamani yamelihifadhi, nalo ni mavi ya chuma. Kwa shaba hakuna ubaya kusema mavi ya shaba. Darasa litaangua kicheko, na mwalimu mwoga atajuta kulitamka. Asijute. Jiwe linapoyeyuka, metali iliyo nzito huzama, na uchafu wa mawe huelea juu yake. Uchafu huo humwagwa nje, ukapoa na kuganda. Tanuri imekula mawe na makaa, ikabakiza kilichofaa, ikatoa kisichofaa. Kufananisha huko ni sahihi kiasi kwamba Wagiriki nao walifanya hivyo hivyo: neno scorie limetokana na Kigiriki skoria, ambalo mzizi wake ni skor, yaani mavi. Kifaransa kimelificha jambo ndani ya neno la heshima, Kiswahili kimeliacha wazi. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo halisahau neno la Kifaransa tena, na hilo ni jibu tosha kwa wanaohofia kwamba Kiswahili kitamchelewesha.

Mlima huo mtoto anaouona leo si ule ule aliouona mzazi wake. Tanuri za zamani hazikutenganisha kila kitu, na kobalti nyingi ilibaki ndani ya mavi hayo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yamekuwa yakichukuliwa na kuyeyushwa upya ili ipatikane. Mtoto anayeuliza kwa nini mtu ahangaike na takataka amefika, bila kujua, kwenye mlango wa kemia na wa uchumi kwa pamoja.

Tena Kiswahili anachokiuliza mtoto huyo kina uhusiano na bomba lile. Kiswahili kilifika Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, zama za Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891. Lakini kilienea na kupata sura yake ya sasa katika kambi za wafanyakazi wa migodi na viwanda, ambako watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Rhodesia na wa kila pembe ya Katanga walilazimika kuelewana. Batoto na bintu za mwanafunzi wa leo zimelelewa hapo. Jambo hili husemwa chuoni kila mwaka. Darasani msingi halisemwi kamwe, na mtoto huendelea kuamini kwamba lugha yake ni makosa yaliyokusanyika.

Mahali pasipoota majani

Ziara ya tatu ndiyo nzito, nayo hufanyika mara chache kuliko zote. Upepo wa kiangazi huvuma kutoka kusini-mashariki, na kwa miongo mingi uliupeleka moshi wa tanuri kaskazini-magharibi. Katika njia hiyo, pande za Penga Penga, miti ya msitu wa miombo ilikufa na udongo ukabaki wazi, umejaa shaba, zinki, risasi, kadimiamu na metali nyingine. Mtoto husimama hapo na kuuliza: «Juu ya nini majani haiote hapa?»

Jibu la kwanza ni rahisi: shaba kidogo ni chakula cha mmea, shaba nyingi ni sumu. Lakini si kila mmea hufa. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu Penga Penga jani dogo liitwalo kwa jina la sayansi Microchloa altera, ambalo huvumilia udongo huo na kuufunika, ili vumbi lisipeperuke. Aidha, juu ya vilima vya asili vyenye shaba huota mmea mdogo wa jamii ya mnaana, Haumaniastrum katangense, wenye maua ya buluu inayoelekea zambarau. Umeitwa ua la shaba. Watafuta madini waliutumia kama ishara, na wachimbuzi wa mambo ya kale nao wakafaidika, kwa maana huota pia pale ambapo mafundi wa zamani waliyeyusha mawe na kuacha mabaki yao udongoni. Darasa lililokwisha kuiona misalaba ya jumba la makumbusho linaweza kuambiwa kwamba ua hili limewahi kuwaongoza watu hadi kwenye tanuri za namna ile ile iliyoizaa.

Mtoto mwerevu hataridhika. Juu ya nini ua hili halifi? Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yameonyesha jambo la ajabu kidogo: kuvu wa udongoni huushambulia mmea huo kwa urahisi, na shaba huwazuia kuvu hao. Sumu inayowaua wengine ndiyo inayoulinda.

Kuna upande mwingine ambao mwalimu hana ruhusa ya kuunyamazia. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, nchini Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Kobalti na metali nyingine zilikutwa kwa wingi usio wa kawaida, hasa kwa waliokaa karibu na migodi na viwanda, watoto wakiwamo. Mwanafunzi anayekaa mitaa hiyo haulizi kwa udadisi mtupu. Anauliza habari za vumbi analocheza, za lengalenga ambazo mama yake amezipanda nyuma ya nyumba, za maji ya kisima. Hapa mwalimu hubeba ndoo na sabuni, na kabla ya mkate kugawanywa kila mtoto hunawa. Halafu hueleza kwa nini mboga za bustani hiyo zioshwe vizuri, na kwa nini mdogo anayetambaa asiachwe kuchezea udongo mkavu. Maelezo hayo yakitolewa kwa Kifaransa peke yake hayatafika nyumbani. Mtoto atayaacha daftarini kwa sababu hana namna ya kumwambia bibi yake. Yakitolewa kwa Kiswahili, jioni hiyo hiyo yatakuwa jikoni.

Kurudi darasani

Kesho yake wanafunzi huandika taarifa ya ziara. Yeyote aliyewahi kusahihisha taarifa hizo anajua zilivyo: tulikwenda, tuliona, tulifurahi, tulirudi. Mistari kumi ya Kifaransa safi, na hakuna hata swali moja kati ya yale yaliyopigiwa kelele njiani. Msalaba umekuwa kitu kilichoonekana, mlima mweusi umekuwa mandhari, na uwanja mtupu haukutajwa. Si kwamba watoto wamesahau. Wameandika yale wanayoweza kuyaandika bila kosa.

Dawa yake haihitaji fedha. Ukurasa wa kushoto wa daftari uachiwe swali, kama lilivyotoka kinywani, kwa batoto na mukuba na haiote, bila kalamu nyekundu. Ukurasa wa kulia upokee jibu, kwa Kiswahili sanifu na kwa Kifaransa, pamoja na maneno yaliyopatikana siku ile: mivukuto, kalibu, mkuo, makaa, mavi ya shaba. Maneno hayo mengi ni mageni kwa mtoto wa Lubumbashi kama Kifaransa kilivyo kigeni, nalo ni jambo la kukiri. Sanifu si lugha ya mama yake. Lakini sanifu iko karibu na mkono wake, na kati ya haiote na hayaoti kuna hatua moja, wakati kati ya haiote na Kifaransa kuna mto. Wanaodhani kwamba Kiswahili cha Katanga hakiandikiki wakumbuke Vocabulaire de Ville d'Elisabethville, historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili hicho mwaka 1965 na André Yav, na ambayo Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo yake mwaka 1990.

Pingamizi zipo, na baadhi zina haki. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na kuongoza watoto wengi hivyo barabarani ni hatari ya kweli. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hauulizi habari za ua la shaba. Kuhusu hilo la pili hakuna la kujibu, isipokuwa kwamba mtoto aliyezoea kuuliza husoma maswali ya mtihani kwa jicho jingine. Kuhusu la kwanza, darasa linaweza kugawanywa, nusu leo na nusu wiki ijayo, na wanafunzi wa chuo wanaojiandaa kuwa walimu wanaweza kufuatana nao. Wangepata faida maradufu: maswali ya watoto, yakikusanywa jinsi yalivyosemwa, ni hazina ya sarufi ambayo idara za Kiswahili huitafuta kwa shida sana kwingineko.

Jambo moja la kuangaliwa mapema. Mimea ya vilima vya shaba, ambayo baadhi yake haioti mahali pengine popote duniani, inapungua kadiri vilima vyenyewe vinavyochimbwa. Mtoto akiliona lile ua la buluu atataka kuling'oa ampelekee mwalimu. Apewe penseli alichore hapo hapo, na pembeni mwa mchoro aandike swali lake.